Rupia ya Zamu

Mama yangu na dada yake walikuwa na rupia moja kati yao. Ilikuwa ya fedha, ya enzi za Mjerumani, na upande mmoja ilichorwa kichwa cha mtu mwenye masharubu na kofia iliyokaliwa na ndege. Sisi watoto tulimwita Bwana Ndege. Babu yetu, baba yao, aliipata kwa kubeba mizigo katika vita vile vya kwanza, na katika yote aliyoahidiwa hiyo ndiyo iliyofika nyumbani. Ukingoni ilikuwa na pengo dogo. Bibi alisema babu mwenyewe aliigonga kwa jembe siku aliyorudi, ili aone kama ni fedha kweli au amechezewa.

Rupia moja haigawanyiki, na kugawana kwao kulitokana na ugomvi. Mama na mama mkubwa walikosana zamani, wakiwa wameolewa karibuni. Sababu niliisikia mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa sababu nyingine. Bibi alipoona siku zake zimekaribia aliwaita wote wawili, akaiweka rupia kwenye kiganja cha mkubwa, akakifunika kwa mkono wa mdogo. Akasema itakaa kwa mmoja mpaka maharage yavunwe, halafu aliye nayo ataipeleka kwa mwenzake. Ataipeleka mwenyewe kwa miguu yake, si kwa kutuma mtoto. Na haitasafiri peke yake: italazwa ndani ya kikapu juu ya maharage mapya, na anayepokea harudishi kikapu kitupu.

Basi ndivyo ilivyokuwa tangu nipate akili. Mama mkubwa aliishi Masukulu, sisi tulikuwa Kawetele. Msimu mmoja mama alijitwika kikapu akaenda, msimu mwingine tulimwona mama mkubwa akitokea migombani, amelowa, analaumu mvua kana kwamba sisi ndio tulioileta. Alikaa siku tatu. Walibishana jinsi ya kupika magimbi, wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakasengenya watu wa kanisani, na siku ya nne akaondoka na kikapu kimejaa vya kwetu. Wala hawakuwa watu wa kuambiana maneno matamu. Nilidhani kila familia duniani ina sarafu inayokwenda na kurudi.

Nimelitanguliza hilo ili msinionee huruma kabla ya wakati. Nilijua ile rupia ilikuwa na kazi gani. Nilijua vizuri kuliko mtu yeyote, kisha nikaiuza.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, wakati kila kitu kiligeuka kuwa cha kuuzwa na sisi wenyewe tukajifunza kuwa wauzaji. Nilikuwa karani mpiga chapa katika ofisi moja ya umma pale Tukuyu. Ofisi ilipobinafsishwa, tukapunguzwa. Nikapewa kiinua mgongo, na badala ya kununua ng'ombe kama wenzangu wenye busara, nikanunua kompyuta, printa na skana, nikapanga chumba jirani na duka la fundi cherehani mmoja ambaye wazee wake walitoka pwani. Nikaandika ukutani kwa rangi ya bluu: huduma za uchapaji. Intaneti ilipofika mjini nikaongeza neno hilo pia, herufi kubwa kupita zote.

Sitaki kuficha, nilijivuna. Watu walikuja kuniuliza mambo ya dunia kana kwamba nimekwenda nikaiona. Vijana waliniletea maombi ya kazi, wachungaji waliniletea barua za wafadhili, na mimi nikajibu kila swali hata nisilolijua. Siku moja katika pitapita zangu nikakuta mnada wa kwenye mtandao ambako watu wa Ulaya walikuwa wakinunua sarafu kuukuu. Nikamwona Bwana Ndege. Kofia ileile, masharubu yaleyale, na chini yake bei iliyonifanya nivue miwani, niifute na kuivaa tena.

Wakati huo rupia ilikuwa Masukulu. Nyumba ya mama mkubwa ilikuwa bado ya nyasi, na nyasi zenyewe zilikuwa zimeoza. Alikuwa akitega sufuria tatu sakafuni mvua inaponyesha, na kwetu mvua haina likizo. Nikapiga hesabu ya mabati. Nikaona nimepata jambo la maana la kuwafanyia wazee wangu, na hapo nikafanya ujanja ambao mpaka leo ukinijia naacha nilichokishika. Kwa mama nilisema, "Mama mkubwa anataka bati, na amekubali iuzwe." Kwa mama mkubwa nilisema, "Miguu ya mama imechoka na safari, na amekubali iuzwe." Hakuna aliyekuwa amekubali chochote. Kila mmoja alikubali kwa sababu ya mwenzake.

Mama aliendelea kumenya ndizi. "Kama dada amesema," akajibu, basi.

Mama mkubwa aliuliza zaidi. Alikuwa na Kiswahili cha wazee wetu, kizito cha kupanda mlima. "Huyo msungu anayeitaka, anakaa wapi?"

"Ng'ambo, mama."

"Mbali kupita Dalisalama?"

"Mbali zaidi."

"Na atakuja lini kuichukua?"

"Haji, mama. Tunaituma kwa posta."

"Hii haijawahi kutumwa," akasema. "Hata mtoto hatukumtuma nayo."

Nikamweleza kwamba siku hizi mambo ni tofauti. Maneno hayo nilikuwa nikiyasema mara nyingi sana mwaka ule.

Nikaondoka naye Bwana Ndege mpaka mjini, nikamlaza kifudifudi juu ya kioo cha skana, nikampiga picha pande zote mbili, pengo likaonekana wazi, nikamweka mnadani. Wenye mnada walikuwa na mpango wao wa kusafirisha vitu nje, na waliusifia kurasa nzima. Muuzaji asihangaike, walisema. Atume tu kifurushi kwenye ghala lao, nchi fulani ya Ulaya, na wao watashughulika na forodha, kodi na usafiri wa kufika kwa mnunuzi popote alipo. Mtu wa Tukuyu akisoma hivyo anaona ameondolewa mzigo kichwani. Masharti yalikuwa marefu, kwa Kiingereza cha mahakamani. Nilisoma kurasa mbili na nusu, nikateremka mpaka chini kabisa, nikaweka alama kwamba nimeyasoma na kuyakubali yote.

Mzigo ulikuwapo, ila ulikuwa umewekwa upande wa pili ambako sikuuona. Mtu wa kwanza aliyeshinda mnada alitoa bei nzuri. Kisha wakamwonyesha jumla: nauli, bima, kodi ya kwao, ada ya ghala kufungua kifurushi, ada ya kukifunga upya. Bwana Ndege akapanda bei kama sukari ya walanguzi. Yule mtu akaniandikia kwa adabu kwamba anajitoa, maana kumsafirisha kulikaribia kumzidi thamani. Nikamjibu kwamba nitamtumia mwenyewe kwa rejista, kwa nauli ya posta ya kawaida. Mnada ukakataa. Ukishaingia katika mpango hutoki. Barua yangu ikafutwa na nikaonywa.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angerudisha rupia ya watu. Mimi niliona aibu. Nimeshawaambia wazee kwamba imepata mnunuzi, nimeshatangaza kwa fundi cherehani, nitarudi kusema nini? Nikaiweka mnadani tena, akajitokeza wa pili, bei ya chini kuliko ya kwanza, lakini bado mabati yalikuwa yanatosha. Huyu alilipa jumla yote bila neno.

Nikarudi nayo Masukulu kabla ya kuituma. Nilimwomba mama mkubwa aishonee kitambaa ili isicheze ndani ya boksi. Alikaa mlangoni penye mwanga, akachukua kipande cha marekani, akashona kifuko kwa mishono midogo, mipole, huku akiimba wimbo wa kanisani bila maneno. Nilikuwa naye karibu lakini sikumtazama. Nilikuwa napima dari kwa macho, nahesabu mabati. Akanikabidhi kifuko kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimeshavuka kijito nilipokibonyeza. Kilikuwa kimenona. Nilizungusha vidole nikaihisi rupia katikati, na chini yake punje, pengine kiganja kimoja. Maharage mapya, ya msimu ule. Nilisimama. Nilijua alichokifanya na nilijua kwa nini. Nilijua pia, kwa mbali, kwamba mahali fulani katika ile fomu ya forodha panaulizwa kama kuna mbegu au mimea.

Nilikuwa na mkasi mkobani. Ningeifumua mishono ile pale njiani, nikamwaga maharage, nikashona tena kwa sindano ya kuazima. Lakini posta ilikuwa inafunga, mvua ilikuwa inakuja, na nilipoitazama ile mishono mkono wangu ulikataa. Nikajiambia kiganja cha maharage kitamkera nani. Karani wa posta aliyekuwa ananifahamu akauliza, "Ndani kuna nini, dada?" Nikasema, "Sarafu tu." Nikaandika hivyohivyo kwenye fomu, kwa mwandiko wangu mzuri wa ofisini, sarafu moja ya zamani, nikatia sahihi.

Nimeshajiuliza mara nyingi nilikuwa mjinga wapi hasa. Nikisema ni kwa kumheshimu mama mkubwa, nitakuwa najipaka mafuta. Kama ningemheshimu ningemwambia ukweli tangu mwanzo. Nilimwonea huruma saa ile moja, tena huruma ya mtu mwenye haraka.

Majuma mengi yakapita. Kisha ukaja ujumbe kutoka ghalani. Kifurushi kimefunguliwa ili kifungwe upya, kama mpango unavyotaka. Kimekutwa na mbegu zisizotajwa kwenye fomu. Kwa mujibu wa masharti niliyoyakubali, kifurushi chote kimetwaliwa na yaliyomo yameondolewa. Mnunuzi amerudishiwa fedha zake. Mimi nitatozwa gharama za ukaguzi. Walinishukuru kwa kutumia huduma yao.

Niliandika. Niliwaambia watupe maharage, wachome maharage, warudishe rupia, nitalipa nauli. Kila jibu lilitoka kwa mtu mwingine, kila mmoja akianza upya kana kwamba hakuna aliyewahi kuniandikia. Mmoja alisema vitu vilivyotwaliwa huwa mali ya mpango na muuzaji hana dai. Mwingine alisema vitu vya thamani hutenganishwa na kuuzwa pamoja na mizigo isiyo na mwenyewe. Wa mwisho alisema suala langu limefungwa. Nikarudi kwenye yale masharti, nikayasoma yote sasa, kwa kamusi. Yalikuwamo. Kila kitu walichonifanyia kilikuwa kimeandikwa pale, baada ya ukurasa wa tatu.

Mwaka mzima, saa ya mchana wateja wakienda kula, nilifungua mnada nikatazama rupia moja baada ya nyingine. Bwana Ndege walikuwa wengi, wengine wanang'aa kuliko wetu. Nilikuwa natafuta pengo la jembe. Sikuliona.

Kwa wazee nilidanganya. Nilisema imefika salama. Niliuza printa, nikachukua na akiba iliyobaki, nikanunua mabati, nikayapeleka Masukulu kwa gari la kukodi nikiwa nimekaa juu yake kama bibi harusi. Majirani wakaja kuona. Mama mkubwa alizunguka nyumba mara mbili akitazama juu, akanishika mikono.

"Na maharage aliyaona?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo msungu. Niliweka maharage chini. Aliyaona?"

"Aliyaona, mama."

"Alisemaje?"

Sijui kwa nini sikusema tu kwamba alishukuru. Nilitaka kuupamba uongo wangu. "Alisema ndaga," nikajibu. Ndaga ndiyo asante yetu. Mama mkubwa alicheka mpaka akakaa chini, mzungu kusema ndaga, akawarudia majirani mmoja mmoja. Kisha akafuta macho kwa kanga. "Basi ni mtu," akasema. "Atalejesha."

Sikuelewa uzito wa neno hilo siku ile. Nilidhani ni maneno ya kizee.

Maharage ya msimu uliofuata yakavunwa. Mama alifagia uwanja, akatandika kitanda cha wageni, akaanika magimbi. Hakuja mtu. Nilimkuta jioni amekaa na sinia la magimbi mapajani. Nikamwambia, "Nenda wewe basi, mama, ukamwone." Akasema, "Zamu ni ya nani?" Nikasema hakuna zamu tena, anaweza kwenda siku yoyote. Akanitazama kana kwamba nimesema jambo la kitoto. "Nitakwenda kufanya nini?" akauliza.

Masukulu nilipokwenda, mama mkubwa naye akaniuliza kama mdogo wake mzima, na kwa nini haji. Nikamwambia naye anangoja. "Lakini zamu ni ya nani?" akasema. Rupia ilikuwa imetokea kwake. Kwa hesabu za miaka yote, aliyeipokea ndiye wa kuja, na aliyeipokea alikuwa ng'ambo. Dada wawili wazima, wenye kupendana, wakakaa kila mmoja mlangoni kwake. Bati lilikuwa zuri. Sufuria tatu zilirudi jikoni. Nilipojaribu kumchukua mama kwa nguvu, alisema magoti. Nilipomwomba mama mkubwa, alisema ana kuku. Hawakugombana. Ingekuwa heri wangegombana, maana ugomvi wao nilikuwa naijua dawa yake, na dawa yenyewe nilikuwa nimeituma kwa posta.

Ningeweza kusema ukweli hapo. Ningesema hakuna mzungu, hakuna ndaga, rupia imepotea kwa kosa langu, na huenda hasira yao juu yangu ingewakutanisha. Niliogopa. Nilikuwa mtu mzima, mwenye ofisi, nikaogopa wanawake wawili wazee.

Misimu mitatu ilipita hivyo. Wa nne haujafika, mama mkubwa akafariki asubuhi moja, akiwa amekaa palepale mlangoni penye mwanga. Mama alikwenda Masukulu kuzika. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona bati. Alilitazama kwa muda mrefu tulipoingia uwanjani, akaingia ndani kukaa na wenzake.

Matanga yalipoanuliwa, mkwe wa mama mkubwa, yule aliyekuwa akiishi naye, alituletea kikapu. Nilikifahamu, mshipi wake mama aliwahi kuushona upya kwa uzi mwekundu. Kilikuwa kimejaa maharage, safi, yaliyochaguliwa punje kwa punje, na juu yake kimelazwa kifuko cha marekani, kitupu, kilichoshonwa pande tatu na kuachwa mdomo wazi.

"Kila msimu alikuwa anabadilisha," yule mkwe akasema. "Anatoa ya zamani tunakula, anaweka mapya. Alisema msungu akija kurudisha hela, asiondoke mikono mitupu. Sasa sijui nimpe nani."

Mama alichukua kifuko, akaingiza vidole viwili ndani, akavitoa. Kisha akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira usoni. Ningependa angekuwa nayo.

"Huyo mzungu," akasema, "alisema ndaga kweli?"

Watu walikuwa wametuzunguka. Yule mkwe alikuwa anangoja. Nilifungua mdomo na ukweli ulikuwa pale, mfupi kabisa, maneno matatu au manne. "Alisema, mama," nikajibu.

Alinitazama kidogo, kisha akakubali kwa kichwa. Alikirudisha kifuko juu ya maharage, akakilaza vizuri, akainua kikapu kutoka sakafuni kwa shida, magoti yake yale, akakataa yule mkwe asimsaidie.

"Basi wewe ndiye unayemjua," akasema. "Zamu ni yako. Mpelekee."

Nikakipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa, nikasema ndaga.